Si Jamii, Bali Ujirani: Hoja Kuhusu Samaki wa Tangi la Nyumbani

Vitabu vya Kifaransa na vya Kiingereza vinavyofundisha kufuga samaki wa mapambo vina istilahi moja ambayo ikiletwa katika Kiswahili huwa "tangi la jamii". Maana yake ni tangi la vioo lenye samaki wa aina kadhaa wanaokaa pamoja. Istilahi hiyo inasikika vizuri, na ndiyo maana inadanganya. Insha hii inaipinga, na inapinga zaidi mazoea yanayoandamana nayo. Nashikilia kwamba hapa Bujumbura, iwe sebuleni mwa mtu, kwenye ukumbi wa hoteli au katika chumba cha kungojea cha ofisi, samaki wa tangi huchaguliwa mno kwa vigezo vitatu visivyofaa: rangi, asili na orodha. Nashikilia pia kwamba kosa hilo haliishii ndani ya vioo. Samaki aliyewashinda wenyewe hutafutiwa pa kwenda, na mahali pa karibu kuliko pote ni Ziwa Tanganyika.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuanze na neno lenyewe, maana hilo ndilo shamba letu. Jamii ni watu waliofungwa na nasaba, lugha, ada au mapatano. Ukisema "jamii", msikilizaji anatarajia ushirikiano, msaada, na mzee wa kusuluhisha ugomvi. Samaki hawana mapatano wala msuluhishi. Wana chakula wanachokitafuta, mahali wanapopalinda, na maji wanayoyaweza. Neno lililo karibu zaidi na hali yao ni ujirani. Majirani si lazima wapendane. Wanaweza hata wasisalimiane. Kinachowawezesha kuishi bega kwa bega ni mpaka unaojulikana: ukuta wangu, mfereji wako, mlango wa kila mmoja. Mkazi wa Buyenzi, ambako nyumba zimebanana, hahitaji kufundishwa jambo hilo. Anayepanga tangi la jamii huuliza, "Samaki gani ni wapole?" Anayepanga tangi la majirani huuliza, "Kila mmoja atakaa wapi, atakula nini, na akifukuzwa atakimbilia wapi?" Swali la kwanza halina jibu la kutegemewa. La pili linalo, na jibu lake mtu anaweza kulipima kwa futi kamba kabla hajatoa hata faranga moja.

Kigezo cha kwanza kisichofaa ni rangi. Mnunuzi anataka wa njano mmoja, wa buluu mmoja, mwenye milia mmoja, kama anayechagua vitenge sokoni. Mwingine huenda upande wa pili: anataka wanaofanana, kwa kuwa wahenga walisema ndege wa rangi moja huruka pamoja. Methali hiyo iliwatazama ndege. Haikuwatazama samaki wa miamba ya Tanganyika, ambao wengi wao ni wa ukoo uitwao sikilidi, ukoo ule ule wa tilapia na wa furu wa Ziwa Viktoria. Dume wa sikilidi anayelinda mwamba wake hamchukii sawasawa kila apitaye. Anayemwandama zaidi ni yule anayefanana naye kwa umbo na rangi, kwa sababu huyo ndiye mshindani wake wa majike na wa chakula. Jirani wa umbo jingine anaweza kupita mbele ya mlango asiguswe. Kwa hiyo rangi ina maana katika kuchagua, lakini maana yake iko kinyume na tunavyodhani. Ndani ya tangi, kufanana ndiko kunakoleta vita.

Methali nyingine inayotajwa ni ile ya fahali wawili wasiokaa zizi moja. Hiyo nayo ina ukweli nusu. Mchukue Tropheus, samaki wa urefu wa sentimita 12 hivi anayekwangua mwani juu ya mawe ya pwani ya ziwa. Weka madume wawili katika tangi la lita 100, na baada ya siku chache utamwona mmoja amejibanza kwenye kona karibu na uso wa maji, mapezi yamechanika, akingoja kufa. Weka 20, majike wakiwa wengi kuliko madume, katika tangi la lita 400 lenye mawe ya kutosha, na mambo hubadilika. Mkubwa wao hawezi kumwandama mmoja kwa muda mrefu, kwani kila akigeuka anakutana na mwingine. Hasira inagawanyika mpaka haimuui yeyote. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini fahali wengi hukaa, zizi likitosha. Wafugaji wenye uzoefu na Tropheus wanaujua utaratibu huo, na hakuna ambaye angeufikia kwa kuuliza kama samaki huyu ni mpole au mkali.

Kigezo cha pili, ambacho sisi wenyeji tunakipenda zaidi, ni asili. Husemwa hivi: wote hawa ni wa ziwa letu, wamekaa pamoja tangu kale, watashindwaje kukaa pamoja nyumbani? Hoja hii imevaa vazi la uzalendo, na anayeipinga huonekana kama anawadharau samaki wa kwao. Lazima ipingwe hata hivyo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zinaligawana. Ndani yake mna aina zaidi ya 200 za sikilidi, ambazo karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Aina hizo zimeweza kuwa nyingi namna hiyo kwa kugawana makao na riziki: hawa mchangani, wale miambani, wengine kwenye maji ya wazi, wengine kwenye kina kirefu, hawa wanakula mwani, wale vijidudu, wengine mayai ya wenzao, wengine wenzao wenyewe. Kukaa ziwa moja hakuna maana ya kukaa chumba kimoja, kama vile kukaa Bujumbura hakumfanyi mtu wa Kanyosha na mtu wa Buterere wapike jiko moja.

Mifano iko mingi; nitataja minne. Wa kwanza ni Cyphotilapia frontosa, samaki mwenye nundu kichwani na milia mipana, ambaye nje ya nchi anajulikana sana kwa jina la Burundi. Ni mtulivu. Anatembea polepole kama mzee anayetoka msikitini. Kwa kipimo cha upole angechaguliwa wa kwanza. Lakini hufika sentimita 30 na zaidi, na chakula chake ni pamoja na samaki. Ziwani huwavizia Cyprichromis, samaki wembamba wa maji ya wazi, wakati wa mwanga hafifu ambapo bado hawajachangamka. Mtu akiwaweka pamoja hataona ugomvi hata siku moja. Ataona tu hesabu inapungua kila asubuhi. Ulaji si ugomvi, na anayetafuta dalili za ugomvi peke yake hatauona mpaka tangi libaki na mmoja aliyeshiba.

Wa pili ni Perissodus microlepis, ambaye riziki yake ni magamba ya samaki wengine walio hai. Mdomo wake umepinda, kwa baadhi kuelekea kushoto na kwa wengine kuelekea kulia, ili aweze kuuma ubavu mmoja vizuri. Mwaka 1993 mtafiti wa Kijapani Michio Hori alieleza katika jarida la Science jinsi wenye mdomo wa kushoto na wa kulia wanavyopokezana kuwa wengi, kwa sababu wanaoumwa hujifunza kujihadhari na upande unaowashambulia zaidi. Ni habari ya ajabu, na samaki huyo ni mwenyeji halisi wa ziwa. Je, asili yake imemfanya jirani mwema? Kikulacho ki nguoni mwako.

Wa tatu ni kuhe. Mvuvi wa pwani yetu anamjua kama kitoweo. Wataalamu wanamjua kwa jina la Boulengerochromis microlepis, na wanamhesabu kuwa mkubwa kupita sikilidi wote. Kifaranga wake wa sentimita tano anapendeza machoni, na aliyemvua anaweza kumuuza akiwa hai kwa mtu anayejaza tangi. Lakini samaki huyu hupita sentimita 60, na ni mwindaji. Anayemnunua kwa urefu alionao leo amenunua shida. Samaki huchaguliwa kwa kimo atakachofikia, kama vile mche wa mwembe haupandwi chini ya dirisha kwa kuwa leo ni mdogo.

Wa nne ndiye anayenipa hoja kubwa kuliko wote. Ni Neolamprologus brichardi, samaki mdogo wa rangi ya maziwa na kahawa, mwenye mapezi marefu yanayoning'inia kama ushungi. Mwanazuolojia wa Ubelgiji, Max Poll, alimpa jina hilo mwaka 1974 kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekaa hapa Bujumbura na kusafirisha samaki hai wa ziwa kwenda ng'ambo kuanzia miaka ya 1970. Wafugaji wa Ulaya humwita binti mfalme wa Burundi. Tabia yake imewavutia watafiti kwa miaka mingi, kwa sababu anaishi kwa familia kubwa: watoto wakikua hawaondoki, hubaki kuwasaidia wazazi kutunza mayai, kusafisha pango na kuwalinda wadogo zao. Nani asingempenda samaki kama huyo? Kama yupo anayestahili kuitwa samaki wa jamii, ni huyu.

Huyu ndiye anayeangamiza tangi. Jozi moja ikipata pango huzaa. Watoto wa kwanza hukua na kulinda, wazazi huzaa tena, na eneo linalolindwa hupanuka mkupuo kwa mkupuo. Ziwani hakuna tatizo, kwa sababu jirani anayefukuzwa husogea mita kumi akapata mwamba mwingine. Katika tangi la lita 150 hakuna mita kumi. Majirani husukumwa kona moja, kisha hufa mmoja mmoja. Mwenye tangi husema, "Samaki wangu wamekuwa wakali." Hawajabadilika hata kidogo. Wanawatunza wana wao, na utunzaji huo huo ndio unaowaua wageni. Ndiyo maana nasema neno jamii halitusaidii. Samaki mwenye jamii imara kuliko wote ndiye asiyefaa kuchanganywa na wengine katika tangi dogo. Akae peke yake na ukoo wake, na atazamwe kwa furaha. Ukitaka kumchanganya, mwandalie eneo ambalo wenzake watapata pa kumkwepa.

Kigezo cha tatu ni orodha. Wapo wasioamini rangi wala asili. Wao wanaamini kilichochapishwa. Wanafungua kitabu cha Kifaransa, wanakuta orodha ya samaki wa kukaa pamoja: neoni, skalari, gapi, na mara nyingine samaki wa dhahabu. Wanaagiza hao hao. Orodha hiyo iliandikwa kwa msomaji wa Lyon au Liège, na haijui maji ya Bujumbura. Neoni na skalari wanatoka bonde la Amazoni, kwenye maji laini yenye asidi kidogo. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yana alkali, na kipimo chake cha pH huwa kati ya 8.6 na 9.2. Tena sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji huu huvutwa na REGIDESO kutoka ziwani humo humo. Anayemtia neoni katika maji hayo amemwekea mgonjwa chumvi kwenye kidonda. Samaki wa dhahabu naye anapenda maji ya baridi kuliko ya kwetu, anachafua sana, na hukua kupita sentimita 30. Kumweka pamoja na skalari kwa sababu wote wanapatikana dukani ni kama kumlaza ng'ombe na kuku kitanda kimoja kwa sababu wote ni mifugo.

Hapa kuna jambo la kuchekesha na la kusikitisha pia. Mfugaji wa Ujerumani au wa Uswidi anayetaka samaki wa Tanganyika hununua chumvi maalumu, huweka mawe ya chokaa, hupima maji kila juma na hulipia umeme wa kuyapasha moto, ili tu apate kitu kinachokaribia maji ambayo mkazi wa Bujumbura anayafungulia bombani. Hapa kwa sehemu kubwa ya mwaka hata hita haihitajiki. Inatosha kuyaacha maji katika ndoo iliyo wazi kwa siku moja ili klorini iondoke, na kuyapima kwa uhakika. Sisi tuliopewa maji hayo tunayatumia kuwatesa samaki wa Amazoni, kwa sababu orodha ya mgeni imesema hao ndio wa kukaa pamoja. Uteuzi uanze na maji uliyo nayo. Samaki asiyeyaweza hana haja ya kufikiriwa zaidi, hata awe mzuri kiasi gani.

Maji hayo yenye alkali yanaleta sharti jingine ambalo orodha haisemi. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia huwa na sumu kali zaidi kadiri pH inavyopanda. Katika chujio lililokomaa, bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Lakini bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Anayenunua tangi Jumamosi na kulijaza Jumapili amewapangia samaki wake mazishi. Umeme ukikatika, kama unavyokatika, pampu husimama, hewa hupungua, na tangi lililojaa kupita kiasi ndilo la kwanza kupoteza samaki. Kwa hiyo idadi ndogo ni sehemu ya kupatana. Majirani wazuri kumi katika nyumba ya watu watano watagombana.

Nimesikia jibu moja ambalo halina budi kujibiwa kwa heshima. Husemwa kwamba katika nchi ambayo watu wanahangaikia ndagala na mukeke wa kula, kubishana juu ya samaki wa kutazama ni anasa ya wachache, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana mambo makubwa zaidi ya kuandikia. Nakubali kwamba tangi la vioo ni anasa. Sikubali kwamba elimu ya samaki wa ziwa ni anasa. Mtoto wa Bujumbura anawajua samaki wanne au watano, wote kwa ladha. Mtoto wa mfugaji wa Ulaya anaweza kukutajia aina ishirini za ziwa letu na kukueleza yupi hulea mayai kinywani na yupi huzalia ndani ya kombe la konokono. Brichard alichapisha vitabu vikubwa juu ya samaki hao mwaka 1978 na 1989, akiwa mkazi wa mji huu, na vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Kosa hapo si la Brichard. Swali ni nani ataandika kwa lugha wanayozungumza wavuvi wa Rumonge, Uvira na Kigoma. Tangi moja lililochaguliwa vizuri kwenye ukumbi wa hoteli, lenye kibao cha Kiswahili, linamfundisha mpita njia kitu ambacho sinia la mukeke haliwezi kumfundisha.

Tena anasa hiyo ina gharama inayolipwa na wasiokuwa nayo. Turudi kwa samaki aliyewashinda wenyewe. Mtu mwenye huruma hapendi kumuua. Anamtia ndooni, anakwenda ufukoni, anamwachia, na anarudi nyumbani akijiona ametenda wema. Kama ni neoni, huenda akafa muda si mrefu. Gapi ni hatari zaidi, kwa sababu anayaweza maji magumu, anazaa watoto walio hai, na katika nchi nyingi za joto alikopelekwa ameshamiri mitoni na mitaroni. Samaki wa dhahabu walioachiwa na wafugaji katika mto Vasse, magharibi mwa Australia, walikua wakubwa na kuzaliana mpaka wakawa tatizo la kupigwa vita kila mwaka. Nasi tuna somo la jirani. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Yeye hakutoka katika tangi, aliingizwa kwa makusudi ili avuliwe, na kweli amevuliwa. Lakini aina nyingi za furu zilitoweka, na alichangia sana katika hasara hiyo. Ziwa lenye aina ambazo hazipo kwingine halina akiba. Kinachopotea Tanganyika hakiwezi kuazimwa kutoka ziwa jingine.

Hata samaki wa Tanganyika mwenyewe asirudishwe ziwani baada ya kukaa tangini na wageni. Anaweza kubeba magonjwa na vimelea alivyopata humo. Anaweza pia kuwa ametoka pwani nyingine ya ziwa. Tropheus wa pwani moja hutofautiana kwa rangi na Tropheus wa pwani nyingine, kwa sababu mchanga na kina kirefu vimewatenga kwa karne nyingi, na anayewachanganya anafuta kwa ndoo moja kile kilichojengwa kwa muda huo wote. Kwa hiyo kuchagua vibaya ni jambo la umma. Kila jozi isiyopatana inazaa samaki asiyetakiwa, na kila samaki asiyetakiwa anatafuta ndoo.

Kupinga bila kujenga ni kazi nyepesi, basi niseme ninachokitetea. Tuchukue tangi la lita 200, lenye urefu wa mita 1.2. Tuligawe kama kiwanja chenye nyumba tatu. Sehemu ya juu, kwenye maji ya wazi, wakae Cyprichromis wanane hadi kumi. Hawa ni wa kundi, hula vijidudu vinavyoelea, hawalindi mwamba kwa ukali, na lazima tangi liwe na kifuniko kwa kuwa huruka. Upande mmoja tupange mawe yenye nyufa mpaka karibu na uso wa maji, na humo waingie jozi moja tu ya Julidochromis ornatus, samaki mwembamba asiyependa kwenda mbali na ufa wake. Upande wa pili tuache mchanga mtupu, tuweke makombe kadhaa matupu ya konokono, na hapo wakae Neolamprologus brevis wachache, wasiozidi sentimita tano au sita, ambao kila jozi hutosheka na kombe moja. Kati ya mawe na makombe tuache nafasi isiyo na kitu. Nafasi hiyo ndiyo mpaka.

Tazama alivyochaguliwa kila mmoja. Hakuna wawili wanaogombania mahali pamoja. Hakuna anayeweza kummeza mwenzake aliyekomaa. Wote wanakula vyakula vinavyolingana, jambo ambalo Tropheus asingeliweza, kwa sababu utumbo wake mrefu umeumbwa kwa mwani, na chakula kizito cha nyama humvimbisha tumbo na kumuua. Wote wanayataka maji yatokayo bombani kwetu. Sikuuliza hata mara moja kama ni wapole. Julidochromis si mpole. Brevis, pamoja na udogo wake, atamkabili hata mkono wa binadamu unaosogelea kombe lake. Wanapatana kwa sababu kila mmoja ana kwake.

Atakayesema kwamba kila tangi la namna hii linapunguza samaki wa ziwa, nitamjibu kwamba hofu yake ni ya haki, na uteuzi mzuri ndio unaoipunguza. Samaki wanaopatana huishi miaka na huzaa nyumbani. Wafugaji wawili au watatu wakigawana vifaranga hawana haja ya kurudi ziwani. Samaki wasiopatana hufa, na kila anayekufa hununuliwa mwingine badala yake. Anayevua avue kwa kibali, kidogo, na kwa aina anayoijua jina. Mji huu ndio makao makuu ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika inayounganisha nchi zote nne. Ingekuwa aibu wakazi wake wawe wa mwisho kujua kilichomo ziwani.

Kwa wanafunzi wenzangu nina ombi la kikazi. Tuache kutafsiri "tangi la jamii", tuseme "tangi la majirani", na tuwaulize wavuvi wa Kabondo, Rumonge na Nyanza-Lac majina wanayowaita samaki hawa kabla hatujabuni yetu. Kwa wahadhiri wetu: kama mtu atakuja na mada ya istilahi za samaki wa ziwa, msimwambie aende kitivo cha sayansi. Na kwa yeyote mwenye tangi lenye matatizo usiku huu: mtenge anayefukuzwa, katika ndoo safi yenye maji ya tangi hilo hilo na hewa, mtafutie mfugaji mwenye nafasi, na usimpeleke ziwani.